Vinavyoukimbiza Moyo wa Mama

Maumivu yalimwanza mbele yangu, kwenye shughuli moja ya Kinondoni. Mama yangu ni mpishi wa shughuli: harusi, maulidi, hitima, popote panapohitajika masufuria makubwa na kuni, wanamwita yeye. Siku hiyo alikuwa anageuza pilau kwa ule mwiko mrefu, mie nakatakata vitunguu vya kachumbari pembeni, nikamwona ameuacha mwiko umesimama wenyewe ndani ya sufuria. Mkono ameuweka katikati ya kifua, amekunja ngumi. Uso ulikuwa unamchuruzika jasho, lakini jikoni kila mtu ana jasho.

"Mama, vipi?"

"Kiungulia. Ile mihogo ya asubuhi."

Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Punde akainuka, akaendelea kugeuza kama hakuna kilichotokea. Watu wakala, wakasifu, sie tukarudi kwetu Temeke jioni na makombo yetu kwenye hotipoti.

Kumbe kiungulia kile kilikuwa na tabia yake. Kilikuja Mama akinyanyua ndoo ya maji kutoka kwenye simtanki. Kilikuja akipanda kile kilima kidogo cha kwenda msikitini, hasa kama ameshakula. Akisimama tu, kinamwachia. Nilianza kumwangalia kwa jicho la pembeni. Mie ni fundi cherehani, nashonea barazani, kwa hiyo hapiti mahali bila mie kumwona. Siku moja muuza mkaa alimletea gunia limejaa vumbi, Mama akamjia juu, akamsema mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Katikati ya maneno akanyamaza. Mkono ukaenda kifuani, ngumi imekunjwa vilevile. Hiyo ndiyo iliyonitia hofu, maana hakuwa amebeba kitu. Alikuwa amekaa kwenye kigoda.

Nikampeleka hospitali.

Daktari alikuwa msichana mdogo, mwenye lafudhi ya watu wa bara, akamwamkia Mama "shikamoo bibi" kabla hata hajashika faili. Kipimo cha umeme wa moyo akiwa amelala kilitoka kizuri, nikashusha pumzi. Halafu wakamsimamisha Mama kwenye mashine yenye mkanda unaotembea, wamembandika nyaya kifuani, wakamwambia atembee. Mkanda ulipoongezwa kasi nikaona uso wake unabadilika. Daktari akatazama kile kioo, akasema, "Basi, basi, simamisheni," kwa sauti ya haraka ambayo naikumbuka mpaka leo.

Tulipokaa akatueleza. Alikunja ngumi yake, akaiweka mezani.

"Moyo ni msuli, bibi. Unasukuma damu ya mwili mzima, lakini na wenyewe unataka damu yake, yenye oksijeni. Mishipa inayoulisha moyo wako imekuwa myembamba. Ukiwa umetulia, kinachopita kinatosha. Moyo ukitaka zaidi, hakitoshi. Hapo ndipo unapobanwa."

"Na unataka zaidi wakati gani?" nikauliza.

"Ukienda mbio, hilo la kwanza. Kila pigo linakula oksijeni. Tena moyo unalishwa zaidi wakati umelegea, kati ya pigo na pigo. Sasa ukikimbia, kazi inaongezeka, na ule muda wa kulishwa unapungua." Akakaza ngumi mpaka vifundo vya vidole vikatokeza. "Halafu ukikamua kwa nguvu zaidi, kama hivi. Hasira inaufanya hivyo, woga, mshtuko. Halafu kuna presha. Ikiwa juu, moyo ni kama unasukuma mlango uliokazwa. Na damu nyingi ikirudi kwa pamoja, moyo unajaa, unatanuka, kuta zake zinavutika. Hiyo nayo ni kazi."

"Hauwezi kujikaza kidogo?" Mama akauliza. "Mkono ukichoka unajikaza."

Daktari akatabasamu. "Msuli wa mkono ukibanwa, unachota oksijeni zaidi kwenye damu ileile. Moyo hauna akiba hiyo, bibi. Hata ukiwa umekaa, umeshachota karibu yote. Ukitaka zaidi ni mpaka damu yenyewe iongezeke, na kwako njia ni nyembamba."

Mama akafikiri, akasema, "Kumbe na wenyewe mpishi tu. Unapakulia watu wote, wenyewe unakula mwisho."

Daktari akacheka sana. Mie sikucheka. Nilikuwa nimeshika maneno mawili tu: woga na mshtuko.

Tukapewa dawa ya kupunguza mbio za moyo, ya presha, ile ya kufanya damu isigande, na kichupa cha vidonge vidogo vya kuweka chini ya ulimi. Kikianza kubana, akae chini kwanza, halafu ndipo aweke kidonge. Kinalegeza mishipa, damu inayorudi moyoni inapungua, moyo unapata nafuu. Maumivu yasipokwisha, tusisubiri, tuje.

Kuanzia siku hiyo nyumba yetu niliiona kwa macho mengine. Kila kitu kilikuwa kinautafuta moyo wa Mama. Maji ya kuoga ya baridi, nikawa nayapasha. Ndoo iliyojaa, nikawa naimimina nusu kabla hajaifikia. Sahani ya wali nikaipunguza, maana daktari alisema tumbo likijaa sana nalo linautafutia moyo kazi. Mtaa wa nyuma waliweka kigodoro, ile ngoma ya kukesha, muziki wa singeli unagonga mpaka mabati yanatetemeka, nikaenda kuwaomba wapunguze, vijana wakanitazama kama mwehu. Mlango ukibamizwa na upepo, nilimtazama kwanza Mama, halafu ndipo niutazame mlango.

"Mnanifanya yai," alisema siku moja, amenuna. "Ukinitazama hivyo ndiyo moyo unakwenda mbio."

Nikajaribu kutomtazama. Nikawa nasikiliza badala yake. Nilijua hatua zake, kandambili zake, kikohozi chake cha asubuhi. Akikaa kimya chumbani, nilisimamisha cherehani nisikie kama anapumua.

Ndipo polisi wakamkamata mdogo wangu.

Ni kitindamimba wetu, wa kiume, alikuwa anauza kwenye duka moja la vipuri vya magari upande wa Kinondoni na amepanga chumba hukohuko. Duka lilivunjwa, mali ikachukuliwa, na kwa kuwa kufuli ilifunguliwa kwa ufunguo, wakabebwa wafanyakazi wote. Simu ilinikuta barazani asubuhi, Mama yuko ndani anasugua masufuria. Mjomba, mdogo wake Mama, ndiye aliyepiga.

"Wamemsomea shitaka. Dhamana haijakamilika. Anapelekwa Segerea," akasema.

Kwetu Dar mtu akisema Segerea kwa sauti ile, hutamwuliza kama anazungumzia mtaa au gereza. Nikashika meza ya cherehani.

"Mama yako asijue," mjomba akaendelea. "Unanisikia? Akijua, tunamzika."

Tukakubaliana kwamba amekwenda Mtwara, duka limemtuma kufuatilia mzigo, na huko mtandao unasumbua. Nilimpa Mama habari hiyo nikiwa nimemgeuzia mgongo, natafuta uzi ambao ulikuwa mkononi mwangu.

"Mtwara?" akasema. "Bila kuniaga?"

"Walimkurupusha, Mama."

Sikujua kwamba uongo unachosha hivyo. Siku zinazoruhusiwa kwenda kumwona niliaga kwamba nakwenda Kariakoo kufuata vifungo na zipu, halafu nikapanda magari ya kwenda Segerea na chakula kwenye kontena. Kule nilisimama na wake za watu na mama za watu, kila mmoja na mfuko wake, hakuna anayezungumza kwa sauti. Nilihisi moyo wangu unagonga kooni. Mdogo wangu alikuwa amenyolewa, shingo imekuwa nyembamba kama ya mtoto. Jambo la kwanza aliniuliza, "Mama anajua?"

"Hajui."

"Asijue, dada. Tafadhali."

Nikirudi nyumbani nilisimama kwanza nje ya uzio, nipanguse uso. Kila nilipofungua geti niliwaza nitamkuta yuko chini, mtu keshamwambia. Simu yake ikilia niliikimbilia. Jirani akiita hodi nilitoka kumpokea kabla hajaingia. Niliwaonya watu wa mtaa mmoja mmoja. Nilifikiri nimewamaliza.

Sikumkumbuka jirani yetu wa nyumba ya tatu, mwalimu mstaafu, mama wa Kanda ya Ziwa, mpole, ambaye kila Jumapili akitoka kanisani humpitia Mama na chochote alichonacho. Jumapili hiyo alikuja na ndizi. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua mchele kwenye ungo. Mie nilikuwa napinda kanzu. Mwalimu akaweka ndizi chini, akamshika Mama mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Pole sana, jirani yangu," akasema. "Leo tumemwombea kijana wako kanisani. Mungu atamfungulia, atatoka tu hapo Segerea."

Nilitaka kumziba mdomo. Maneno yalikuwa yameshatoka.

Mikono ya Mama ikasimama juu ya mchele. Hakumtazama mwalimu, alinitazama mie. Nikaona rangi inaondoka midomoni mwake, ngumi inajikunja, inapanda kifuani. Mwalimu akaelewa, akajishika kichwa: "Yesu wangu, nimefanya nini?" Mie sikuweza hata kuinuka. Nilikuwa nahesabu pumzi za Mama na kila moja niliiona ndiyo ya mwisho.

"Kinaanza," Mama akasema, taratibu. "Niletee kichupa."

Nikaamka kama niliyepigwa. Akaegemea ukuta, akanyoosha miguu, akaweka kidonge chini ya ulimi, akafumba macho. Mwalimu alikuwa anaomba bila sauti, midomo tu inacheza. Nilipoona ile ngumi inafunguka, kidole baada ya kidole, nikaanza kulia.

"Usilie, unanipandisha presha," akasema, macho bado amefumba. "Sasa niambie. Ila usinimwagie yote. Nipe kidogo kidogo. Nikiinua mkono, unyamaze."

"Mama, tungoje kesho…"

"Kungoja ndiyo kutaniua. Mzima?"

"Mzima."

Akainua mkono. Nikanyamaza. Kifua kikapanda, kikashuka. Akashusha mkono.

"Wamempiga?"

"Hawajampiga."

Mkono. Tukangoja.

"Kaiba?"

"Hajaiba, Mama. Duka lilivunjwa, wakachukuliwa wote."

Hapo aliuacha mkono juu muda mrefu. Nilitazama kile kiganja chake chenye makovu ya mafuta na moto, nikawaza kwamba kikidondoka ghafla nimeshamuua. Akakishusha polepole.

"Anakula?"

"Nampelekea, siku wanazoruhusu."

"Unampelekea nini?"

"Wali na maharage."

Akafumbua macho. "Hapendi maharage," akasema, na hapo ndipo chozi lilipomtoka. "Tangu mdogo hapendi maharage. Kuanzia sasa napika mie."

Akapika kweli. Amekaa, jiko la mkaa mbele yake, mie nanyanyua na kutua. Mjomba aliposikia alikuja juu, akatusema mie na mwalimu, Mama akamwambia apunguze sauti au aende kwake. Kesi ikapigwa tarehe, ikapigwa tarehe tena. Kila niliporudi kutoka Segerea, Mama alikuwa ameshakaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, kichupa pajani, ananingoja. Ananiambia, "Haya," nami naanza. Hofu yangu haikupungua. Sasa nilikuwa nampa sumu kwa kijiko, ndivyo nilivyojiona.

Halafu mchana mmoja mjomba akapiga. "Kesi imefutwa. Wamempata aliyefanya. Tuko naye njiani, tumeshaingia mtaani. Mwandae Mama yako."

Nilikata simu. Nilikumbuka maneno ya daktari yote, mbio, nguvu, presha. Nikaingia ndani taratibu, nikampokonya kisu cha kumenyea viazi, nikamshika bega.

"Mama, kaa kwanza," nikasema. "Kaa vizuri. Nina habari, lakini nataka utulie."

Uso wake ukabadilika kuwa wa mtu nisiyemjua.

"Kafa," akasema. "Mwanangu kafa."

"Hapana! Hapana, Mama, ametoka! Yuko njiani!"

Kabla sijamaliza, geti likalia, na sauti ya mdogo wangu ikaita, "Mama!"

Sikuweza kumshika. Mwanamke ambaye miezi yote hiyo nilimhesabia hatua alinipita mlangoni mbio, bila kandambili, bila mtandio, akashuka ngazi za baraza, akavuka uwanja. Alipomfikia akamkumbatia, akarudisha kichwa nyuma, akapiga kigelegele kirefu kilichowatoa majirani ndani. Kigelegele kikakatika katikati. Nilidhani amekatishwa na kilio. Halafu magoti yakalegea, na mdogo wangu akawa amembeba.

Safari hii kidonge hakikusaidia. Tulimkalisha, tukampa, tukangoja, akatikisa kichwa. Midomo ilikuwa ya majivu, jasho la baridi, anasema mkono wa kushoto unakufa ganzi. Tukamwingiza kwenye bajaji, mdogo wangu amempakata nyuma, mie nimebanana nao, mjomba mbele karibu na dereva. Foleni ya Chang'ombe haisogei. Mdogo wangu alikuwa anarudia, "Ni mie, Mama, ni mie, nisamehe," na mie namwambia, "Nyamaza, unamwongezea mbio," halafu nakumbuka na yeye ni mtoto wa mama yake, namwambia, "Ongea naye." Dereva alipanda pembeni ya barabara, akapita juu ya vifusi, huku anapiga honi. Kila tulipotikisika nilimtazama Mama kifua.

Hospitali walimpokea mikononi mwetu, pazia likafungwa. Ilikuwa ni mshtuko wa moyo. Baadaye wakamhamishia hospitali kubwa, wakapitisha waya mwembamba kwenye mshipa wa mkono mpaka kwenye moyo, wakatanua pale palipoziba na kuacha kibomba kidogo cha wavu kushikilia njia. Haya yote nilikuja kuyajua baadaye. Wakati ule nilikuwa kwenye benchi la korido, nimeukodolea macho mlango. Mjomba alikuwa anavuta tasbihi. Mdogo wangu amekaa chini, mgongo ukutani, magoti kifuani, kama alivyozoea kukaa huko alikotoka.

Yule daktari wetu msichana alifika akiwa na habari zetu. Nilimdaka hata kabla ya salamu.

"Dokta, ulisema woga. Ulisema hasira na mshtuko. Huyu alikuwa anafurahi!"

Akanishika mkono. "Moyo hautofautishi, dada yangu. Furaha kubwa nayo inaupeleka mbio, inaukamua, inapandisha presha. Akaongeza na kukimbia, na kigelegele. Vyote kwa pamoja."

Huenda hata siku ile ya kwanza alitaja furaha. Mie nilisikia woga tu, nikamlinda Mama na huzuni zote za dunia, na furaha ikapita wazi getini, mchana kweupe.

Nilipotaka kuinuka korido ikazunguka. Muuguzi akanikalisha, akanifunga mkanda mkononi, akautazama, akanifunga tena mkono wa pili.

"Umeshawahi kupima presha?" akaniuliza.

"Mgonjwa ni mama yangu."

"Nakuuliza wewe."

Ilikuwa juu, juu kuliko ya Mama. Inawezekana ilikuwa juu tangu zamani, lakini mie najua miezi ile yote, kila nilipofungua geti, moyo wangu ulikuwa unasukuma mlango uliokazwa, na hakuna aliyekuwa anausikiliza.

Mama alitoka hospitali. Sehemu ndogo ya msuli wa moyo imekufa, walituambia, haitarudi, lakini iliyobaki inafanya kazi. Masufuria makubwa ameyaacha. Akiitwa kwenye shughuli anakwenda kukaa kwenye kiti na kuamrisha wenzake, na wanamwogopa kuliko zamani. Mdogo wangu amepata kazi kwingine, karibu na nyumbani. Habari za Segerea hazisemi, na gari likisimama ghafla nje ya geti anaacha kula. Mie nameza vidonge vyangu asubuhi, Mama ananisimamia mpaka nimeze, kama vile yeye ndiye mlinzi wangu.

Daktari ametuamuru tutembee, mwendo wa kuweza kuongea, asubuhi kabla jua halijachoma. Tunakwenda mpaka uwanja wa mpira wa shule na kurudi. Juzi, njiani, Mama alisimama ghafla. Mkono wake ukapanda kifuani. Damu yangu yote ikashuka miguuni.

"Mama?"

Alikuwa anafunga pini ya mtandio. Macho yake yako ng'ambo ya barabara, kwenye nyumba moja wanayopaka rangi upya.

"Ile rangi ya kijani," akasema, "nani kawashauri?"

Akaendelea kutembea. Mie nilibaki palepale nimeshika nguzo ya umeme, nangoja miguu yangu irudi, na nilipoinua uso alikuwa ameshafika mbali, anageuka kuniangalia, anauliza kwa sauti kama nimechoka.